Mashine "inayonusa" huongezewa nini hasa?

Kijiweni kwetu Magomeni, mtu akirudi safari hulipa kahawa kwa hadithi. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya ndugu yetu mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, aliyekuwa ametoka Guangzhou kufuata mzigo. Akasimulia kwamba huko uwanja wa ndege ofisa alimpangusia mpini wa begi kwa kitambaa kidogo, akakichomeka kwenye mashine, wakasubiri kidogo, kisha akaambiwa apite. "Ile mashine inanusa," akasema. "Kama ulishika bangi mwezi uliopita, inakuumbua."

Kijiwe kikachangamka. Kijana mmoja wa bodaboda akasema za siku hizi zimeongezewa unyeti, zinajua hadi ulichokula juzi. Mzee anayetumiminia kahawa akataka kujua kama kitambaa kile kina mionzi. Mwishowe macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa nafundisha kemia. "Mwalimu, mbona umenyamaza?"

Siku ile nilijibu juujuu, adhana ya magharibi ikaniokoa. Jibu kamili ni hili, na linaanza kwa kukubali kwamba yule kijana hakukosea kabisa: mashine za aina hii, hasa ndugu zao wakubwa walioko maabara, zimeongezewa unyeti kweli, tena sana. Kosa lake ni kudhani kwamba kilichonolewa ni pua, yaani kile kigunduzi kinachohisi.

Kwanza maneno. Unyeti hapa hauhusiani na zile sehemu ambazo wanafunzi wangu wa kidato cha pili huchekea neno hilo likitajwa. Ni uwezo wa chombo kutambua kiasi kidogo cha kitu. Mizani ya muuza nyama haihisi uzito wa unyoya. Ya sonara inahisi. Basi mizani ya sonara ina unyeti zaidi.

Ioni ni atomu au molekuli yenye chaji ya umeme, ama kwa sababu imepoteza elektroni, ama imeongezewa kitu chenye chaji. Hilo tu. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji ya ugali, sufuria imejaa ioni. Mashine inazihitaji kwa sababu umeme hauwezi kukivuta wala kukisukuma kitu kisicho na chaji. Kwa hiyo kazi ya mwanzo siku zote ni moja: chukua molekuli unazozitafuta, uzipe chaji.

Baada ya hapo kuna vipimo viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya.

Kipimo cha kwanza ni spektrometria ya mwendo wa ioni. Fikiria bomba lenye gesi, mara nyingi naitrojeni, na umeme unaozivuta ioni kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Ioni haziendi moja kwa moja, zinagongana na molekuli za gesi njia nzima. Sasa nenda Mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya Idi. Watu wawili wanataka kuuvuka umati ule. Wote wawili, kila mmoja na mzigo wake, wana kilo 90. Mmoja kabeba mfuko wa misumari kaukumbatia kifuani, mwingine kabeba godoro. Mwenye misumari atafika mapema, mwenye godoro atagonga kila mtu na kutukanwa na nusu ya mtaa. Bomba linafanya hivyohivyo: ioni iliyojikunja inapita haraka, iliyotanuka inachelewa. Tofauti ni za milisekunde, lakini zinapimika. Kipimo hiki, basi, kinahusu umbo na ukubwa, pamoja na wingi wa chaji.

Kipimo cha pili ni spektrometria ya masi. Hiki ni mizani. Ioni inaingizwa kwenye ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa karibu yote, inasukumwa kwa umeme, na kutokana na mwendo wake tunajua masi yake kwa kila chaji. Hapa hakuna umati wa kugongana nao, ila nyepesi inatangulia na nzito inafuata.

Kwa nini uviunganishe? Kwa sababu mizani peke yake hudanganyika. Glukosi na fruktosi zina fomula moja, C6H12O6, na masi moja, 180. Ukiziweka kwenye mizani hata iwe ya bei gani, itakuambia ni kitu kimoja. Molekuli nyingi za mwilini, hasa mafuta na sukari ndefu, zina mapacha wa namna hiyo. Bomba la gesi linatoa nafasi ya kuwatenganisha mapacha kwa maumbo yao kabla hawajafika kwenye mizani. Na vipimo hivi viwili vinaoana kwa saa zake pia: safari ya bombani huchukua, tuseme, milisekunde 20, wakati mizani ya kisasa hupima mara moja kila sehemu ya kumi ya milisekunde. Safari moja ya bomba, mizani inapima mara 200. Ni kama kondakta anayewahi kuhesabu abiria wote kabla basi halijaondoka kituoni.

Ile mashine ya uwanja wa ndege, kwa kawaida, ina bomba peke yake bila mizani. Ndiyo maana inatosha juu ya meza. Mashine yenye vyote viwili ni ya maabara, na hiyo ndiyo iliyonufaika zaidi na haya ninayoyaeleza.

Sasa udogo wenyewe. Tuchukue jambo linalotugusa: sumukuvu kwenye mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo si mfano wa kubuni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka jumla ya sumukuvu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Gunia la kilo 100 linaruhusiwa kuwa na miligramu 1. Chembe mbili za sukari hivi, zimetawanywa ndani ya gunia zima, na maabara inatakiwa izione kwa kuchota kiganja kimoja.

Na hiyo ni kubwa. Maabara za dawa za kulevya na za uchunguzi wa magonjwa huzungumza kwa pikogramu, yaani gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Pikogramu moja ya kokeini haionekani kwa macho, lakini ukihesabu molekuli zake unapata karibu bilioni 2. Huo ni wingi wa watu robo ya dunia! Vigunduzi vya siku hizi vinaweza kuhisi ioni moja moja zinapokigonga kipokezi. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu ni hili: ikiwa tuna bilioni 2 na kigunduzi kinahisi moja, kwa nini pikogramu moja iwe shida?

Kwa sababu karibu zote hupotea njiani. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme molekuli moja katika kila 10 inafanikiwa kupata chaji: zimebaki milioni 200. Tuseme ioni moja katika kila 10 inapenya kutoka hewa ya kawaida kuingia kwenye mashine: milioni 20. Kisha lango la bomba linaruhusu moja katika 100: laki 2. Nusu ya hizo zinapotea kwenye kuta na vipenyo vya mbele: laki 1. Na hizo laki 1 hazifiki pamoja, zimegawanyika katika vipimo vingi, na kila kipimo kina kelele zake, yaani ishara za ovyo zinazoficha unachokitafuta. Ukiinunua pua kali mara mbili, unagombania mara mbili ya mabaki. Ukiziba matobo ya njiani, unaweza kupata mara 50. Wahandisi waliona hivyo, wakahamia njiani.

Tobo kubwa kuliko yote ni lile lango. Bomba haliwezi kupokea ioni mfululizo, kwa sababu linapima muda wa safari, na huwezi kupima muda kama hujui nani aliondoka saa ngapi. Lazima ziondoke kwa kundi. Kwa hiyo lango hufunguliwa kwa sehemu mbili za kumi za milisekunde, kisha hufungwa milisekunde 20 kundi likisafiri. Piga hesabu: asilimia 1 ya muda. Ioni zinazofika wakati lango limefungwa zinagonga ukuta na kuishia hapo.

Hebu ujenge picha hiyo Magogoni. Pantoni la kwenda Kigamboni linabeba watu kwa makundi, na watu wanafika kivukoni mfululizo. Sasa fikiria kivuko kisicho na banda la kusubiria, na sheria kwamba kila anayefika pantoni likiwa ng'ambo anatumbukizwa baharini. Kati ya watu 100, atavuka mmoja. Mabomba ya zamani yalifanya kazi namna hiyo kwa miongo, na hakuna aliyeshangaa sana, kwa vile ioni hazina ndugu wa kulalamika redioni.

Dawa ya kwanza ni kujenga banda, nalo ni mtego wa ioni: chumba kidogo chenye umeme unaozishikilia ioni pamoja hadi lango lifunguliwe, kisha zote zikaachiwa kwa mkupuo. Kuzinasa ioni kwa umeme si wazo jipya. Mjerumani Wolfgang Paul alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1989 kwa kazi hiyo. Kilichokuwa kigumu ni kuzinasa kwenye gesi nzito kiasi, mbele kabisa ya bomba, bila kuzimwaga. Hapo ndipo ilipoingia faneli.

Faneli ya ioni ilitoka katika maabara ya taifa ya Pacific Northwest huko jimbo la Washington, Marekani, kwenye kundi la Richard Smith, miaka ya 1990. Ioni zikitoka kwenye hewa ya kawaida na kuingia sehemu yenye hewa hafifu, zinalipuka na kutawanyika kama vifaranga kwenye tenga lililopasuka. Zamani kulikuwa na tundu dogo mbele, na zilizobahatika kulielekea zilipita. Faneli ni bangili nyingi za chuma zilizopangwa mfululizo, kubwa mwanzoni, ndogo mwishoni, zikipewa umeme unaogeuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo unazifukuza ioni kutoka kwenye ukingo wa bangili, mwingine unazisogeza mbele. Gesi inanyonywa na pampu kupitia kati ya bangili, ioni zinabaki katikati hadi kwenye mdomo mwembamba. Kama vile unavyomimina mafuta ya kupikia kwenye chupa bila kulowesha meza. Ukiongeza mlango mwisho wa faneli, faneli yenyewe inakuwa banda la kusubiria.

Dawa ya pili naipenda zaidi, kwa sababu haihitaji chuma chochote kipya. Ni hesabu. Naomba tuende pole pole hapa.

Muuza viungo ana mizani inayokosea kwa kubahatisha gramu 10, mara juu, mara chini. Ana vifurushi vitatu: karafuu, iliki na mdalasini. Njia ya kawaida ni kupima kimoja kimoja, mara tatu, na kila jibu lina kosa la gramu 10. Njia ya ajabu ni kupima viwili viwili. Karafuu na iliki: 500. Iliki na mdalasini: 700. Karafuu na mdalasini: 600. Bado ni vipimo vitatu. Jumlisha zote, 1,800. Kila kifurushi kimehesabiwa mara mbili, kwa hiyo vyote kwa pamoja ni 900. Toa 700, karafuu ni 200. Toa 600, iliki ni 300. Toa 500, mdalasini ni 400. Kazi ileile, mizani ileile, lakini kosa la kila jibu limeshuka kutoka gramu 10 hadi karibu 8.7. Ukiwa na vifurushi 7 ukavipima vinne vinne kwa mpangilio maalumu, linashuka hadi 6.6. Ukiwa na 127, halifiki gramu 2. Mpangilio huo unatokana na jedwali la namba zinazobeba jina la Mfaransa Jacques Hadamard, mwanahisabati aliyefariki mwaka 1963.

Lango la ioni likafundishwa hesabu hiyo. Badala ya kufunguka mara moja na kusubiri, linafunguka na kufunga mara nyingi kwa mpangilio unaojulikana, kwa jumla karibu nusu ya muda wote. Makundi yanafuatana bombani yakipitana, na kigunduzi kinapokea mchanganyiko usioeleweka hata kidogo. Kompyuta, kwa kuwa inajua lango lilifunguliwa saa ngapi, inautatua kama tulivyotatua karafuu. Kutoka asilimia 1 tumefika karibu 50. Rudi kwenye hesabu yetu: badala ya laki 1, zinafika milioni 5. Pua haijaguswa.

Ziko njia nyingine, nazigusia tu. Wengine wameligeuza bomba: gesi ndiyo inayosukuma na umeme ndio unaozuia, ioni zinasimama kila moja mahali pake kama mashua zilizotia nanga kwenye mkondo, kisha umeme unalegezwa taratibu na zinatoka kwa zamu. Mashine hizo zimekuwa maarufu kwa uchunguzi wa protini, hasa baada ya 2015, kwa sababu kundi moja likipimwa jingine linakusanywa chumba cha pili, na karibu hakuna kinachomwagwa. Wengine, wale wale wa Washington, wamechora njia ya ioni kwenye mbao za saketi, ikipinda na kurudi kama foleni ya benki, urefu wa mita 13 ndani ya kitu kinachokaa mezani. Ioni zikizungushwa tena na tena humo zimesafiri zaidi ya mita 500 bila kupotea ovyo.

Kuna kikomo, na mkazi yeyote wa Dar anakijua kwa mwili wake. Ioni zenye chaji ya namna moja zinasukumana. Ukijaza mtego kupita kiasi, zinaanza kufanya kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni pale Gerezani: mlango ukifunguliwa hazitoki kwa kundi moja safi, zinamwagika, nyingine mapema, nyingine kwa kuchelewa. Unyeti umeongezeka, lakini uwezo wa kutenganisha mapacha umepungua. Muuzaji wa mashine akikutajia kimoja bila kingine, muulize cha pili.

Halafu kuna kelele. Ukiitwa jina katikati ya Soko la Kariakoo husikii. Ukiitwa kwa sauti ileile kwenye ua wa msikiti baada ya swala, unageuka. Aliyekuita hakuongeza sauti. Ndiyo maana kuongeza bomba mbele ya mizani, ingawa bomba linapoteza baadhi ya ioni, mara nyingi kunaongeza unyeti wa mashine nzima: takataka za sampuli zinafika saa nyingine, na ioni unayoitafuta inafika penye ukimya. Kurudia kipimo nako kunasaidia, ila kwa ubahili. Ukirudia mara 100, ishara inajitokeza juu ya kelele mara 10 tu.

Sasa nirudi kwa watu wangu wa kijiweni. Mzee, kitambaa hakina mionzi. Baadhi ya mashine hizo zina kipande kidogo cha nikeli-63 ndani yake cha kuzipa molekuli chaji, na miale yake haipenyi hata kava la mashine. Nyingi mpya hazinacho kabisa. Abiria hamulikwi na chochote, kinachoingia mashineni ni kitambaa.

Kuhusu ulichokula juzi, mpini wa begi haujui. Mashine inasoma kilichogusa mpini, na hapo ndipo unyeti unapogeuka kuwa mtihani kwa binadamu. Noti za Marekani na Uingereza zimepimwa mara nyingi na kukutwa na chembe za kokeini, mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuiona. Mtu fulani lazima apange kizingiti, kwamba chini ya kiasi hiki kengele isilie. Mashine ikizidi kuwa kali, swali la kizingiti linazidi kuwa gumu, na halijibiwi na mashine. Tena ishara ndogo haimaanishi kiasi kidogo kila mara. Katika sampuli chafu, molekuli zinagombania chaji. Mafuta na chumvi vikizichukua nyingi, unachotafuta kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kwa hiyo maabara makini hupima pamoja na sampuli yenye kiasi kinachojulikana, kama mwenye duka anayejaribu mizani kwa jiwe la kilo moja kabla ya kufungua.

Ndugu yetu wa vitenge aliposikia haya aliuliza afanye nini na begi lake safari ijayo. Nikamuuliza lilikaa wapi kabla ya safari. Akasema stoo kwa shemeji yake, anayeuza pembejeo za kilimo. Nikamwambia aangalie kama kuna mifuko ya mbolea ya amonia naitreti, maana kemikali hiyohiyo huchanganywa na dizeli kulipulia miamba migodini. Mashine ikilia kwa vumbi lake itakuwa imesema kweli, na yeye atakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa Kichina.